Laptopu nzito: jua kinacholemea kabla ya kupiga Windows upya

Laptopu ikianza kuvuta, ushauri wa mtaani ni mmoja: "Piga Windows upya." Fundi anaichukua jioni, asubuhi unaikuta nyepesi, picha na mafaili yako yamekwenda na maji, na wiki chache baadaye uzito ni ule ule. Ukirudi unaambiwa mashine imechoka, tafuta nyingine. Walimu, wanafunzi wa chuo na wenye stesheneri wanapoteza pesa kwa njia hii kila siku, na inauma, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza: ndani ya mashine hii, ni kifaa gani kinachowachelewesha wenzake?

Mashine yenyewe inalo jibu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Ikija kidirisha kidogo kisicho na namba, bofya More details. Kwenye ukurasa wa Processes utaona safu zenye asilimia juu yake: CPU, Memory, Disk na Network. Usizisome mara tu baada ya kuwasha, maana dakika za mwanzo kila mashine huhangaika. Zisome wakati ule ule inapokukera, Excel ikiwa imeganda au kivinjari kikizunguka bila kufungua kitu. Safu inayong'ang'ania juu ya 90 huku nyingine zimepoa ndiyo ya kuanza nayo.

Disk iko asilimia 100, vingine vimetulia

Hii ndiyo hali ninayoiona kuliko zote, hasa kwenye laptopu za mtumba. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa kwetu ni mashine imara. Kibodi zake ni nzuri, bawaba hazivunjiki ovyo, na prosesa zake bado zinatosha kwa kazi za kawaida. Tatizo ni kwamba nyingi za miaka ya 2012 hadi 2017 bado zina diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka.

Bofya Performance, kisha Disk, usome namba mbili kwa pamoja. Ya kwanza, Active time, itakuwa 100. Ya pili ni kasi ya kusoma na kuandika, na hapo ndipo watu hushangaa: MB 1.2 kwa sekunde, pengine hata pungufu. Diski imejaa kazi, lakini kinachopita hakifiki hata wimbo mmoja kwa sekunde. Diski hiyo siyo lazima iwe mbovu. Ndivyo ilivyoundwa. Sahani ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi mahali data ilipo, kisubiri sahani ifike, ndipo kisome. Faili moja kubwa lililopangwa kwa mfululizo hulisoma kwa takriban MB 100 kwa sekunde. Ukiiomba vipande vidogo elfu moja vilivyotawanyika, inakuwa kama karani mmoja mwenye ghala zima, anayeagizwa karatasi moja moja kutoka kabati tofauti: muda wote unaishia njiani.

Sasa Windows 10 na 11 huishi kwa vipande vidogo. Sasisho linashuka, antivairasi inakagua, faili zinaorodheshwa ili zitafutike haraka, na kivinjari kinaandika kumbukumbu zake, vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukipiga Windows upya unapata nafuu ya muda tu. Mfumo mpya una vitu vichache vya kusoma. Sasisho na programu zikirudi, karani ni yule yule.

Dawa ni SSD. Haina sahani wala kichwa. Ile ya inchi 2.5 inayotumia muunganisho wa SATA husoma takriban MB 500 kwa sekunde, lakini hiyo si sifa yake kubwa. Sifa kubwa ni kwamba inahudumia maombi madogo maelfu kwa maelfu kwa sekunde, mahali ambapo diski ya sahani huhudumia mia moja hivi. Mashine iliyokuwa inawaka kwa dakika kadhaa huanza kuwaka kwa sekunde, na hujagusa kitu kingine chochote. Kama una pesa ya kubadilisha kifaa kimoja tu, badilisha hiki. SSD ya GB 240 au 256 inamtosha mtu wa kazi za ofisi, na mafaili makubwa yanaweza kubaki kwenye diski ya zamani ikiwekwa kwenye kasha la USB.

Angalizo kwa wanaonunua SSD fupi nyembamba za M.2: ziko zinazotumia SATA na ziko zinazotumia NVMe, muunganisho mpya zaidi. Umbo linafanana, lakini nafasi ya laptopu yako huenda inakubali aina moja tu. Soma kwanza maelezo ya modeli yako, au fungua uone, kabla ya kutoa pesa.

Ni ya polepole, au inakufa?

Swali hili lije kabla ya lolote, kwa kuwa diski inayokufa huonyesha dalili ile ile ya asilimia 100. Tofauti zake ni hizi: mashine huganda kabisa kwa sekunde nyingi kisha ikaendelea, faili fulani hazifunguki, mara nyingine Windows haiwaki hadi uzime na kuwasha tena, na ukitega sikio unasikia tik-tik ya chuma.

Pakua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Inasoma taarifa ambazo diski huziandika yenyewe kuhusu afya yake. Ikisema Good, endelea na mpango wa SSD kwa utulivu. Ikisema Caution, tazama mistari mitatu: 05, ambayo ni sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, C5, sehemu zinazoshindwa kusomeka zinazosubiri kuamuliwa, na C6, zilizoshindikana kabisa. C5 ikiwa na namba yoyote isiyo sifuri, usiiamini tena diski hiyo na kitu chako.

Na hapa nasisitiza kwa nguvu zote, maana ndipo picha za harusi na tasnifu za wanafunzi hupotea: diski ikiwa na dalili hizi, kazi ya kwanza ni kunakili data. Usiifomati. Usiipange upya kwa defrag. Usiendeshe amri ya chkdsk /r, ingawa utaambiwa "inarekebisha diski", kwa sababu inailazimisha diski mgonjwa isome kila sehemu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na inaweza kukata roho katikati ya zoezi hilo. Anza na vile visivyopatikana tena popote: nyaraka, picha, kazi ya shule. Filamu na programu ziwe za mwisho. Ikikwama kwenye faili moja, liruke, nenda kwa lingine. Ukishamaliza, diski hiyo iondoke kwenye huduma.

Kama diski bado haina ugonjwa, kuhamia SSD hakulazimu upoteze mpangilio wako. Unaweza kuihamishia yote kwenye SSD kwa waya wa USB kwenda SATA na programu ya kunakili diski, ili mradi ulichonacho ndani kinaingia kwenye SSD mpya. Fundi akikwambia lazima kila kitu kifutwe ili SSD iwekwe, mwulize kwa nini.

Kuhusu bandia: SSD ya nje ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya flashi kwa kawaida ni chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Ukinakili, faili zinaonekana zipo, ila ukizifungua ni takataka. Programu ya H2testw hujaza nafasi yote kisha ikasoma tena ilichoandika. Iendeshe siku ya kununua, kabla hujaweka kitu chochote, na kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita.

Kama tayari una SSD na Disk bado inapanda, angalia nafasi iliyobaki. SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi, kwa hiyo iachie walau sehemu moja ya tano. Kama nafasi ipo, tazama safu ya Memory, maana huenda diski inabeba mzigo usio wake.

Memory haishuki chini ya 85

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na uzito unaonekana kama wa diski. Kwa GB 4 ni jambo la kutarajiwa: mfumo wenyewe unachukua karibu nusu, kivinjari chenye vichupo kumi kinamaliza kilichobaki. Nenda Performance, kisha Memory, usome Slots used. Ikisema 1 of 2, una nafasi tupu na unaongeza bila kutoa ya zamani. Hakikisha aina: DDR3L haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, haiongezeki. GB 8 ni kiwango cha kufanya kazi bila kero.

Wakati pesa inatafutwa, fungua ukurasa wa Startup, uzime vyote vinavyojiwasha bila wewe kuviita. Na anzisha upya mashine kwa Restart. Tangu Windows 8, kwenye mashine zenye Fast Startup, kuzima kwa Shut down hakuondoi kila kitu: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili uwashaji uwe wa haraka. Ndiyo maana Performance, upande wa CPU, inaweza kuonyesha Up time ya siku kadhaa hata kama unazima kila usiku. Restart ndiyo inayosafisha kweli.

CPU: mashine nzito, lakini kasi imekwama chini ya GHz 1

Tatizo hili wengi hawalijui, na limewafanya watu wauze mashine nzuri kwa bei ya vyuma chakavu. SSD ipo, RAM inatosha, lakini hata kuandika kunachelewa. Fungua Performance, kisha CPU, ulinganishe namba mbili: Base speed, tuseme GHz 2.40, na Speed ya sasa. Kawaida Speed hupanda na kushuka kila mara. Ikiwa imegota 0.79, na haisogei hata ukifungua programu tano, prosesa imefungwa breki.

Kwenye Dell, chunguza chaja kwanza. Ncha ya chaja zake nyingi za duara ina sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haipitishi umeme wa kuchaji. Kazi yake ni kuiambia laptopu chaja hii ni ya wati ngapi. Chaja bandia isiyo na chipu hiyo, au sindano iliyopinda, huifanya mashine ishindwe kuitambua. Wakati wa kuwasha hutokea maandishi kwamba aina ya chaja haijulikani, mtumiaji anayapita aendelee na kazi zake, na kuanzia hapo mashine inajibana isije ikavuta umeme kupita uwezo wa chaja, na betri haichaji. Jaribio ni rahisi: betri ikiwa na chaji, chomoa chaja uangalie Speed. Mara nyingi namba inaruka juu ndani ya sekunde chache. Ikiruka, azima chaja halisi ya mtu mwenye modeli kama yako. Tatizo likiisha, nunua chaja. Lisipoisha, huenda tundu la kuchomekea ndilo bovu, na kulibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi wa vifaa.

Breki nyingine ni joto. Hapa mashine huanza vizuri, kisha baada ya dakika kumi au robo saa Speed inateremka, feni inapiga kelele, na upande wa chini haushikiki. Programu ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi joto. Prosesa ikigonga 95 hadi 100, inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Fungua kifuniko, utakuta zulia la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba. Lipulize, lakini ishike feni kwa kidole isizunguke kwa upepo wa mashine ya kupulizia, maana beringi zake huharibika. Kama mashine ina miaka mingi, paste ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa huenda imekauka, ibadilishwe. Na isitumike juu ya godoro: matundu ya hewa yako chini.

Ukiwa umefungua, itazame betri. Ikiwa imevimba, au padi ya kipanya imeanza kunyanyuka kwa juu, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe wala kuibonyeza irudi.

CPU iko 100 na hujui ni nani

Bofya kichwa cha safu ya CPU ili mlafi apande juu. Akiwa Antimalware Service Executable, hiyo ni antivairasi ya Windows inakagua. Iache imalize. Akiwa ni jina geni, hasa kwenye mashine iliyowekewa Windows au Office ya kukreki, washuku wachimbaji wa sarafu za kidijitali wanaotumia prosesa yako. Programu za kuamsha leseni ndizo mlango wao mkubwa, kwa sababu maelekezo yake huanza na "zima kwanza antivairasi". Ukishamfungulia mgeni mlango na kumfunga mlinzi kamba, usishangae anachofanya usiku. Nenda Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague ukaguzi wa Offline. Mashine itajianzisha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, mahali ambapo ni vigumu zaidi kwa vairasi kujificha.

Flashi ikionyesha mafolda yamegeuka kuwa vialama vya njia ya mkato, faili zako kwa kawaida hazijafutwa, zimefichwa. Usivibofye vialama hivyo. Kagua flashi kwa antivairasi, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako.

Bando linayeyuka, au tovuti zote zinakataa

Fungua Settings, nenda kwenye Wi-Fi uliyounganishwa, uwashe Metered connection. Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Zima pia Delivery Optimization, inayoweza kutuma masasisho yako kwa kompyuta nyingine, na kama OneDrive inapandisha Desktop yako yote mtandaoni, isimamishe. Ukipata mtandao usio na kikomo, kazini au chuoni, ruhusu masasisho yashuke huko. Usiyazime moja kwa moja.

Tovuti zote zikisema muunganisho si salama, tazama saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka nyuma kila unapozima, betri ndogo ya ubao imekwisha, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3. Kivinjari kinaona vyeti vya tovuti kama vya wakati usiofaa. Badilisha betri, weka tarehe sahihi, kesi imekwisha.

Na Windows 10?

Microsoft ilikoma kuisasisha bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo, wala haikuwa nzito kwa sababu hiyo, na anayekwambia hivyo anauza kitu. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, kupitia Settings kwenye ukurasa wa Windows Update, kwa dola 30 au bila malipo kama atasawazisha mipangilio yake kwa akaunti ya Microsoft. Kwa anayefanya malipo au kazi za benki kwenye laptopu, jiandikishe.

Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele kwa sehemu kubwa, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Soma jina la prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, haimo, i5-8250U ni cha 8, imo. Kuna mbinu za kuilazimisha iingie kwenye mashine isiyokidhi, ila Microsoft haiahidi masasisho huko, na mimi siwezi kumshauri mtu anayetegemea mashine hiyo kwa riziki. Kwa kizazi cha 4 hadi 7 chenye SSD na GB 8, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inafanya kazi vizuri sana: kivinjari ni kile kile, LibreOffice inafungua nyaraka za Word, na inasasishwa bure. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uone kama Wi-Fi, sauti na printa yako vinakubali.

Ukiamua kununua mtumba mwingine, nenda dukani na flashi yenye CrystalDiskInfo. Endesha Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, ulinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity ya betri. Ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uone kama inadai neno la siri usilopewa. Kisha mwombe muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani na kuiunganisha na intaneti mbele yako. Skrini ya kuanzia ikikukaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na kupiga Windows upya hakutaiondoa huko. Irudishe mezani, uombe nyingine.